Nilimwambia Manka Umekwenda Mazoezini

Baba Manka,

Usishangae kuuona mwandiko wangu. Wewe ndiye uliyekuwa unaandika kila kitu humu ndani, mimi kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma yako na kusema "weka na hili". Darasa la nne halimfikishi mtu mbali. Nilifikiri nimwombe Sista wa parokiani aniandikie, kisha nikaona haya mambo si ya kupitia kwa Sista. Basi nimekaa kwenye benchi la nje, mchana huu, nimepakata daftari la jumuiya. Nikikosea utanisamehe. Nikirudia jambo mara mbili, ujue hilo bado halijanitoka.

Huku tupo. Mvua zilichelewa, zikaja zote kwa pamoja, maji ya mfereji wa mfongo yakapita juu ya ile migomba yako ya chini, miwili ikalala. Ng'ombe alizaa jike. Kahawa nimeipogoa mwenyewe na sijui kama nimeipogoa au nimeiharibu, tutaona. Bendi yako ya parokia kapewa Bonifasi, yule wa fundi cherehani, na anawakimbiza. Wimbo wa kuingilia anaupiga kama watu wanaokimbia mvua. Jumapili moja wimbo uliisha Padre yuko katikati ya kanisa, akamalizia kutembea kimyakimya na kanzu yake, watoto wa altare wanatazamana. Nilicheka. Nikageuka upande wa bendi nikuone unavyokunja uso. Ndipo nikakumbuka.

Mwaka mmoja na miezi miwili, na bado nageuka.

Lakini sikuchukua kalamu kwa ajili ya Bonifasi. Nakuandikia habari za Manka na zangu. Nimechanganyikiwa, Baba Manka. Mtu wa kumuuliza ni wewe, na wewe ndiye uliyenichanganya.

Unakumbuka siku ile tulipoegemeza simu kwenye chupa ya chai, tukamwona yuko Ujerumani, kavaa koti ndani ya nyumba? Mwanetu mmoja tu, binti, Mungu alitupa huyo akafunga mlango, na huyo mmoja yuko kwenye baridi hivyo. Nilimwomba anieleze kazi yake polepole, maana wanajumuiya wakiniuliza nasema "anapiga muziki" na wao wanaelewa harusi. Akasema kuna kitu kinaitwa koncheto, ni wimbo mrefu wa mtu mmoja, yeye na klarineti yake mbele, na okestra nzima imekaa nyuma yake, watu wengi kuliko waliokuja kwenye kipaimara chake. Na yeye wanamtafuta kwa zile mpya. Mtu anatunga, haijawahi kupigwa na mtu yeyote duniani, anaanza Manka. Leo mji huu, mwezi ujao okestra nyingine, koncheto nyingine.

Mimi nikauliza, "Sasa ukikosea, watajuaje?"

Ulicheka mpaka ukakohoa. Yeye akasema mtunzi mwenyewe anakuwa amekaa pale pale anasikiliza, anajua. Halafu akasema, "Na mimi nitajua, mama." Tangu siku hiyo nilianza kumhurumia. Mtu anayepiga wimbo wa kanisani tunamsaidia kuimba, hata akipotea tunambeba. Huyu wetu anasimama mbele ya watu kwenye wimbo ambao hakuna wa kumbeba. Wewe ulisema hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini mimi, kila alipokuwa na siku ya kupiga, nilishinda na rozari mkononi.

Na wewe ndiye uliyemwanzisha. Klarineti uliyoachiwa na yule padre mzee, yenye ule mlio kama wa bata asubuhi ukiwa hujaipasha moto. Ulimsimamisha Manka huku karibu na zizi, wewe ukaenda kusimama mwisho wa kihamba, kwenye mpaka na kwa kaka yako Kalisti, migomba yote ikiwa katikati, ukamwambia apulize kwa uchache kadiri anavyoweza. "Nisikie kidogo, lakini nisikie." Mtoto wa miaka tisa, mashavu yamemvimba. Mimi nakuna nazi ya watu wa kitchen party na nasikia sauti inapita kwenye majani kama mtu anayenong'ona jina la mtu mwingine. Ulikuwa unarudi umeridhika, hukumsifu, unamwambia tu kesho tena. Na misibani, bendi ikipiga na wale vijana wako wakaanza kufuta macho, uliwaambia, "Wa kulia wapo wengi. Nyie pigeni." Ulipiga hata siku ya kumzika mama yako. Nilikuangalia siku ile, nikasema huyu mwanamume kaumbwaje.

Hayo nayakumbuka kwa sababu ndiyo niliyoyashika wiki ile. Sikuwa na kitu kingine cha kushika.

Sasa nisikilize. Jumatatu tulikupeleka hospitali mjini na kifua chako. Jumanne ukawa unaongea vizuri, umekunywa uji, umemtania nesi. Mimi nikasema jioni nitampigia Manka nimwambie umelazwa. Ukanishika mkono, ukasema, "Msimsumbue Manka mpaka apige." Manka alikuwa apige Jumamosi, koncheto mpya. Nikasema sawa. Jumatano asubuhi nimekuja na chupa ya chai, nikakuta kitanda wamekitandika.

Neno lako lilikuwa hilo. Hukusema lingine kuhusu mtoto. Na mimi tangu siku hiyo naligeuza kama mtu anayegeuza kanga iliyopauka, sijui upande wa juu ni upi. Ulikuwa unasema ugonjwa? Au ulikuwa unajua, ukasema na kifo pia? Mtu anayemtania nesi anajua kwamba anakufa? Nauliza, sijui.

Jumatano ile mchana nyumba imejaa, turubai limefungwa, wanawake wamo ndani wanalia. Simu yangu ikaita, ni Manka. Nilikimbia nyuma ya zizi, nikajifunika kanga kichwani mpaka kwenye simu ili asisikie. Akaniamkia, akauliza habari za nyumbani, nikasema nzuri. Akauliza kelele hizo ni za nini, nikasema jumuiya iko kwetu leo, tunasali. Akasema naomba kuongea na baba. Nikasema umekwenda mazoezini, simu umeiacha.

Sikupanga. Ilitoka tu, kama mate.

Akasema, "Basi mwambie ile sehemu ya mwisho nimeipata. Mwambie hivyo tu, ataelewa." Nikasema nitamwambia. Na nilikuambia, Baba Manka. Ijumaa, kabla hawajafunika jeneza, watu walifikiri nakubusu. Nilisema, Manka anasema ile sehemu ya mwisho kaipata. Sikujua maana yake, na mpaka leo sijui. Kama ulisikia, wewe unajua.

Jioni ya Jumatano wazee wa ukoo walikaa kupanga siku ya kuzika. Kalisti akaniuliza mbele ya wote Manka anafika lini, ili wasubiri. Namba yake ya huko nilikuwa nayo mimi peke yangu. Ningesema sijamwambia, wangeninyang'anya simu wampigie pale pale, angeacha kupiga, angepanda ndege analia peke yake kati ya watu wasiomjua. Ningesema wasubiri wiki moja, wangeuliza kwa nini. Nikasema, "Nimeongea naye. Hawezi kuja, ana kazi Jumamosi." Nimeongea naye, kweli. Ana kazi Jumamosi, kweli. Ukiyaweka pamoja ni uongo ambao sijawahi kusema mwingine kama huo.

Kalisti aliinuka akaenda kutema mate kwenye migomba.

Ijumaa tulikuzika hapo chini ya mti wa msesewe. Nilikuwekea ile sweta ya kijivu, watu walisema mbona sweta, nikasema anasikia baridi. Mimi nilitupa udongo, kisha ikawa zamu ya mtoto na hakuna mtoto. Kalisti akachukua udongo kwa mkono wake akasema kwa sauti, "Huu ni wa aliyeko kazini." Watu wote walisikia. Bendi yako ilipiga, na walilia wote, Bonifasi ndiye aliyezidi. Hukuwepo kuwakataza.

Jumamosi saa kumi za jioni ya huku ndiyo saa aliyoniambia anaingia. Nilikuwa namenya ndizi za wafiwa na wenzangu. Nilisimamisha kisu. Mke wa Kalisti akaniuliza vipi, nikasema mkono umechoka.

Jumapili baada ya misa nikampigia. Nilimwambia moja kwa moja, maana nilijua nikizunguka nitashindwa. Akauliza, "Saa nilipokuwa napiga, baba alikuwa wapi?" Nikasema tumemzika Ijumaa. Halafu akaniamkia. "Shikamoo mama." Kama vile ndiyo kwanza simu inaanza. Nikaitika marahaba. Akakata.

Baada ya hapo alikuwa anapiga kila wiki, anauliza mvua, anauliza ng'ombe, anatuma picha za kumbi alizopiga. Hakunigombeza hata siku moja. Nilitamani angegombeza. Na mimi nikajidanganya kwamba yameisha.

Mwezi uliopita alikuja. Msalaba wako wa saruji ulikuwa tayari, Padre anakuja kubariki kaburi, ukoo wote uko uwanjani kwetu, mbege imeiva. Manka kashuka basi Himo, kapanda huku mlimani, kaingia na sanduku moja na lile begi la klarineti mgongoni. Kamwendea Kalisti kwanza, kama ulivyomfundisha, akainama. "Shikamoo baba mkubwa."

Kalisti hakuitikia. Akasema, "Huko kwenu hawafi watu? Au wakifa mnawazika kwa simu?" Wengine wakacheka kile kicheko cha kuogopa. Akasema mtoto aliyekataa kumzika baba yake hafiki kaburini mikono mitupu, alete jani la isale, aombe radhi kwa ukoo, na mbuzi. Akamaliza, "Au tusubiri okestra ije ikuombee."

Manka akanitazama. Mimi nilikuwa nimesimama na kibuyu cha mbege, namimina. Alinitazama muda wa mtu kunywa maji. Ilikuwa nafasi yake kusema mama hakuniambia. Ilikuwa nafasi yangu kusema mimi ndiye. Nilimimina. Mbege ikajaa, ikamwagika kwenye kiatu cha mzee mmoja, akasema taratibu mama.

Mtoto akashuka mpakani, akakata jani la isale, akalifunga fundo kama mlivyomwonyesha akiwa mdogo, akarudi, akapiga magoti kwenye udongo na suruali yake nzuri. "Baba mkubwa, sikuja kumzika baba. Nimekosa. Naomba radhi." Kalisti akalipokea, maana isale halikataliwi. Mbuzi akachinjwa. Watu wakala, wakasema Manka kumbe bado ni mtoto wa hapa, hajaharibika. Wakanipongeza mimi kwa malezi. Nilipongezwa, Baba Manka, nikasema asante.

Akakaa. Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Nikaona lile begi la klarineti liko juu ya kabati tu. Wewe unamjua, tangu yule wa miaka tisa haijapita asubuhi bila kupuliza. Nikafikiri anapumzika. Kisha nikafikiri ni mgonjwa. Nikafikiri ana mimba, unisamehe, niliwaza kila kitu isipokuwa kile chenyewe.

Siku hiyo mchana tuko jikoni tunamenya ndizi za mtori, nikamuuliza ile koncheto ya mwezi ujao imefikia wapi. Alikuwa ameniambia habari zake kwenye simu, kuna bibi mmoja mzee kaitunga miaka miwili, kaitunga kwa ajili ya pumzi ya Manka kabisa, kila mahali pa kuvuta pumzi amempimia yeye. Manka akasema, bila kuinua macho, "Nimewaambia watafute mwingine."

Nikasema mwingine vipi, na imetungwa kwa pumzi yako?

Akaweka kisu chini. Sasa haya maneno nayaandika kama alivyoyasema, maana nimeyashika yote. "Mama, kabla sijaingia kuna kimya. Okestra inapiga, mimi nimesimama, nasubiri zamu yangu, ndani yangu kimya. Zamani nilikipenda hicho kimya. Sasa kila nikisimama pale kinaniuliza, nani amekufa hawajakuambia? Mwaka mzima nimepiga hivyo. Nakupigia, unasema mko wazima, na mimi siamini. Siwezi kuwa wa kwanza kupiga kitu huku nahesabu watu wangu."

Nikasema ningekuambia ungekufa njiani.

Akasema, "Pengine. Lakini ningekuwa njiani kuja."

Kisha akaniambia kwamba uwanjani asingeweza kunitaja. Wangenikalisha mimi chini na umri huu, asingestahimili kuona. "Lakini mimi na wewe, hapa jikoni, unaniambia nini?" Nikachukua ndizi nyingine nikamenya. Ndivyo nilivyomjibu mwanangu, kwa ndizi.

Na kuna jambo hujui wala yeye hakujua. Lile tezi la shingo yangu ulilokuwa unasema ni ushahidi kwamba nakula chumvi mbaya, limekua. Nilikwenda mjini kimya, daktari akalishika, akasema limeanza kubana njia ya hewa, likatwe. Akanipa siku. Siku yenyewe ni Jumanne ya wiki ile ile ambayo Manka alikuwa apige koncheto ya yule bibi. Nami nilikuwa nimeshapanga kila kitu kichwani: nitafunga kilemba juu zaidi, nitamuaga akienda uwanja wa ndege, nitakwenda kukatwa, nikipona nitamwambia akishapiga. Nilipanga hivyo bila hata kutetemeka. Pale jikoni, na ile ndizi mkononi, ndipo nilipojiona. Nilikuwa nataka kufanya tena kitu kile kile, na mara hii hapakuwa na mtu aliyenituma.

Asubuhi yake nikakata isale mwenyewe, nikaenda kwa Kalisti. Nilimkuta kwenye kahawa zake na mkasi. Nikamwambia yote, toka nyuma ya zizi mpaka mbege. Nilisema haraka haraka, nikamnyooshea jani.

Alisimama na ule mkasi wake. Akasema, "Kwa hiyo mtoto kapiga magoti kwa kosa ambalo si lake, na wewe uko pembeni unamimina."

"Ndiyo shemeji."

"Na mimi nikala mbuzi wake."

"Ulikula shemeji. Na supu."

Akakaa kwenye jiwe. Nilifikiri atanitukana, na alinitukana kidogo kwa Kichagga, sitaandika. Kisha akasema isale hawezi kulikataa lakini limepotea nyumba, nilipeleke kwa mwenyewe. Nikasema shemeji, mama anampelekea mtoto aliyemzaa isale, ulishaona wapi? Akasema hajaona. Akasema hata baba yenu, wewe na yeye, hakupata kuona. Akakuna kichwa, akavaa kofia, akaivua tena. "Twende tu. Na mimi nina langu la kurudisha."

Tukashuka wawili, wazee wazima, kama watoto walioitwa na mwalimu. Manka alikuwa anafua pale nje. Kalisti ndiye aliyeanza, kofia mkononi. Akasema, "Mwanangu, radhi uliyoniomba haikuwa yako, nakurudishia. Mbuzi siwezi kumrudisha." Manka akatazama chini, mdomo unamcheza, sikujua anacheka au analia. Nami nikaanza kupiga magoti, akanidaka kwapani, akasema miguu yako mibovu mama, kaa kwenye ndoo. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamnyooshea jani, nikasema nilikuficha kifo cha baba yako, nikakuacha ubebe, nimekosa.

Hakulipokea. Akajifuta povu kwenye mikono, polepole, kidole kimoja kimoja. Akasema, "Sitaki jani mama. Niambie kitu kingine unachonificha."

Baba Manka, nilitaka kusema hakuna. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikafungua kilemba.

Alichuchumaa mbele yangu akaligusa tezi kwa vidole vya klarineti, kidogo kidogo, kama anatafuta tundu. Akauliza unakatwa lini. Nikamtajia siku. Akauliza, "Na ungeniambia lini?" Nikasema ukishapiga. Hapo aligomba. Mwaka na mwezi wote ulitoka pale, mbele ya Kalisti, mbele ya nguo zilizolowekwa. Aliniuliza kama namwona yeye ni yai. Aliniuliza nadhani ule muziki una thamani gani kama unapigwa na mtu aliyefungwa macho. Mengine yalikuwa kwa lugha ya huko, sikuyaelewa, na niliyakubali yote. Kalisti alitaka kuondoka, Manka akamwambia baba mkubwa usiondoke, una kazi.

Alipomaliza akalia, nami nikalia. Jani alilichukua baadaye, wakati nimeinuka kwenda kuangalia jiko.

Kazi ya Kalisti ni hii. Manka aliwapigia watu wa okestra, wakasema hawajapata mwingine, yule bibi alikataa mtu mwingine. Manka akasema atapiga, ila kwa masharti, na masharti ni yetu sisi. Jumanne asubuhi kabla sijaingia kukatwa nampigia mimi mwenyewe. Nikitoka, Kalisti anampigia, nimetoka vipi na vipi. Na Jumamosi, saa moja kabla hajasimama, anapiga simu yeye, na atakayepokea amwambie hali ilivyo siku hiyo, hata iweje. Kalisti aliapa. Sasa unamjua na simu, anaishika kama mwiko. Manka alimfundisha siku mbili. Alimfanya ampigie akiwa mwisho wa kihamba na yeye yuko zizini, arudie na kurudia. Kaka yako anapiga kelele kwenye simu mpaka haihitajiki simu.

Niliuliza, na kama habari ni mbaya, si utashindwa kupiga? Akasema hajui. "Pengine nitashindwa. Pengine nitapiga. Lakini nitakuwa najua nimesimama wapi." Sikuelewa vizuri. Nakwambia kweli, mengi anayosema sielewi vizuri, nimeamua kuyashika hivyo hivyo.

Wiki ile ya mwisho alipuliza kila asubuhi. Nilimwomba anipigie mwanzo wa ile koncheto ya bibi. Unaanza chini sana, sauti ya kifuani, inapanda kidogo, inasita, inashuka tena kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Nikamuuliza hapo ndipo unapokosea au ndivyo wimbo ulivyo? Akasema ndivyo ulivyo mama. Nikasema basi huyo bibi ananijua.

Jana kaondoka. Jumanne ni kesho kutwa.

Naogopa, mwenzangu. Naogopa kisu, naogopa ile dawa ya usingizi, naogopa Jumamosi kuliko vyote. Usiku huu na ujao nitasali kama nilivyosali siku zote, lakini wewe nilitaka nikuambie kwa maandishi ili nisije nikayageuza.

Lile neno lako sijalipatia jibu na nadhani sitalipata. Kama ulisema habari ya ugonjwa tu, basi mwaka jana nilikukosea wewe na mtoto. Kama ulisema na kifo, basi nakukosea sasa. Kwa yote mawili naomba radhi, lakini kwa hilo sitakutii tena. Akiniuliza hali yetu, nitamwambia ilivyo, hata akiwa amesimama mlangoni mwa ukumbi na klarineti mkononi na watu wanamsubiri. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na kwake nimeshaiapa.

Kaa na amani hapo chini, Baba Manka. Nikitoka salama nitashuka kukuambia mwenyewe. Nisipotoka, nimemwagiza Kalisti ampigie Manka kwanza, kabla hajamwita mtu yeyote wa kuja kuchimba.

Ni mimi mkeo,
Mama Manka